Ese Brume: Jinsi sentimita chache zilivyoamua safari ya mruka chini bora wa Afrika

Anapotajwa mwanariadha wa Uganda, aghalabu msikilizaji humfikiria mkimbiaji: John Akii-Bua aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972, au Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wa zama zetu. Hata Kasese, ambako mbio za marathoni za Rwenzori zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 2022, riadha humaanisha miguu inayokwenda mbali barabarani. Lakini uko upande mwingine wa riadha ambao mashindano yake humalizika kwa sekunde chache, mchangani. Huko, Mwafrika anayestahili kufahamika zaidi ni Ese Brume wa Nigeria.

Brume ni nani?

Alizaliwa Januari 1996 huko Ughelli, katika jimbo la Delta, kusini mwa Nigeria. Katika ujana wake hakujifunga na mchezo mmoja: alishindana katika kuruka chini, katika miruko mitatu, na pia katika mbio za kupokezana vijiti. Jambo hilo si la ajabu. Michezo yote hiyo hutegemea kasi, na mrukaji asiye na kasi hafiki mbali hata akiwa na nguvu kiasi gani.

Jina lake lilianza kusikika nje ya Afrika mwaka 2014, alipotwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka huohuo alikuwa bingwa wa Afrika mjini Marrakech, ubingwa alioutetea Durban mwaka 2016 na Asaba mwaka 2018. Baadaye alikwenda kusoma chuo kikuu kisiwani Cyprus, akawa anaunganisha masomo na mazoezi. Katika Olimpiki yake ya kwanza, Rio de Janeiro mwaka 2016, alimaliza wa tano.

Medali iliyoamuliwa na mruko wa pili

Ili kuielewa safari yake, ni lazima kuielewa kanuni moja. Katika fainali kila mshindani hupewa nafasi tatu, kisha walio bora huongezewa nafasi nyingine. Mruko mrefu kuliko yote ndio unaohesabiwa. Wawili wakilingana, waamuzi hutazama mruko wa pili kwa ubora wa kila mmoja.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomgusa Brume katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021. Yeye na Brittney Reese wa Marekani waliruka mita 6.97 kila mmoja. Malaika Mihambo wa Ujerumani, katika nafasi yake ya mwisho kabisa, aliruka mita 7.00 na kuwapita wote wawili. Ikabaki kuamua nani apate fedha na nani apate shaba. Mruko wa pili wa Reese ulikuwa bora, naye Brume akaondoka na shaba. Kati yake na dhahabu palikuwa na sentimita tatu, ambazo hazifiki hata upana wa vidole viwili vya mtu mzima.

Hata hivyo, shaba hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Nigeria haikuwa imepata medali ya riadha katika Olimpiki tangu Beijing mwaka 2008. Katika michezo yote ya Tokyo nchi hiyo iliambulia medali mbili tu, ya Brume na ya mwanamieleka Blessing Oborududu, na zote mbili zililetwa na wanawake.

Katika mashindano ya dunia, Brume alipata shaba Doha mwaka 2019, kisha fedha mjini Eugene, Marekani, mwaka 2022 kwa mita 7.02. Wiki chache baadaye alitwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, kwa mita 7.00. Mwaka 2023 mjini Budapest alikuwa wa nne, na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akawa wa tano.

Rekodi iliyodumu robo karne

Kabla ya Brume alikuwepo Chioma Ajunwa. Huyu, ambaye pia alikuwemo katika kikosi cha soka cha Nigeria kwenye Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1991, alifungiwa miaka minne kuanzia mwaka 1992 kwa kosa la dawa zilizopigwa marufuku, kosa ambalo amelikana. Alirejea mwaka 1996 na katika Olimpiki ya Atlanta aliruka mita 7.12 katika nafasi yake ya kwanza. Hakuna aliyemfikia. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Nigeria.

Mita hizo 7.12 zilibaki kuwa rekodi ya Afrika hadi Mei 2021, Brume aliporuka mita 7.17 mjini Chula Vista, Marekani. Umbali huo ungetosha kumpa dhahabu Tokyo, na pia Eugene. Lakini mruko wa siku moja hauhamishiki kwenda siku nyingine, na hapo ndipo ulipo ugumu wa mchezo huu.

Kwa nini umbali hupotea?

Mrukaji hukimbia kwenye njia isiyopungua mita 40, kisha hukanyaga ubao wenye upana wa sentimita 20. Akiuvuka mstari wa mbele wa ubao huo hata kidogo, mruko haukubaliwi. Akiruka kabla ya kuufikia, umbali alioupoteza harudishiwi, kwa kuwa kipimo huanzia kwenye mstari na si pale alipoinua mguu. Aidha, hupimwa alama ya mchangani iliyo karibu zaidi na ubao. Mrukaji akianguka akaegemea mkono nyuma yake, ni alama ya mkono itakayopimwa. Upepo wa nyuma nao ukizidi mita mbili kwa sekunde, umbali hauwezi kuandikwa kuwa rekodi.

Katika miruko mitatu ugumu huongezeka. Anayeruka kwa mguu wa kushoto hutua kwa kushoto, kisha kwa kulia, ndipo arukie mchangani. Ubao wa wanawake huwekwa mita 11 kutoka kwenye mchanga, na kosa dogo katika hatua ya kwanza huziharibu mbili zinazofuata.

Uganda nayo ina historia

Mchezo huu si mgeni kwetu. Uganda iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, Lawrence Ogwang alishindana katika kuruka chini na katika miruko mitatu pia. Mwaka 2010, Sarah Nambawa, aliyesoma Chuo Kikuu cha Middle Tennessee State nchini Marekani, alikuwa bingwa wa Afrika wa miruko mitatu mjini Nairobi.

Kwa shule za Kasese na Bwera, jambo la kutia moyo ni kwamba mahitaji ya kuanzia ni machache: njia iliyosawazishwa yenye upana wa mita 1.22, ubao uliozamishwa ardhini, na shimo la mchanga lenye upana wa mita 2.75 au zaidi. Mchanga huo uondolewe mawe na ulimwe kwa jembe kila kabla ya mazoezi, kwani mchanga ulioshikamana huvunja vifundo vya miguu.

Kilicho haba zaidi ni mwalimu wa kumwambia mtoto wapi aanzie kukimbia ili mguu uangukie ubaoni. Akikosekana, msichana mwenye kasi ya kuruka mbali huishia kuitwa mkimbiaji wa kawaida, na kipaji chake hakipimwi kamwe.