Tulivyolala Mzungu wa Nne kwa Sababu ya Jiko

Kwenye kicheni pati yangu nilipewa mafunzo mengi, lakini hakuna somo aliyenitajia jiko la peleti! Tulipohamia Lewiston, jimbo la Maine kule Marekani, ndilo lililotupasha joto sebuleni. Linakula vidonge vya vumbi la mbao lililoshindiliwa.

Ikafika Januari, moto ukawa wa rangi ya chungwa, mvivu, kioo cheusi tii kwa masizi. Mume wangu akazidisha peleti. Baridi palepale, gunia linaisha. Nikamwambia hajui kitu, naye akanijibu vibaya. Tukalala mzungu wa nne.

Kumbe jiko lilikosa hewa, si chakula. Jumamosi tulilizima, likapoa kabisa, tukakaa chini wote wawili. Matundu ya kikombe cha kuchomea yalizibwa na majivu magumu kama jiwe. Yeye akayakwangua kwa bisibisi. Mimi nikasugua vibomba vya kupitishia joto, maana vikishika masizi joto lote hutoka nje na moshi. Kisha tukabana noti mlangoni, ikachomoka kirahisi: kamba ya kuziba hewa imekwisha. Tukaweka mpya. Peleti zilizopata unyevu, zinazovunjika unga mkononi, tukatupa.

Ila shosti, bomba la moshi usilifanyie mchezo. Likiziba, kaboni monoksaidi inaweza kukuua na hata harufu haina. King'ora chake tumekitundika chumbani.

Usiku ule moto ulikuwa wa njano iliyong'aa, umechangamka.

"Dia, vua basi hizo soksi," akaniambia.