Tuwajulishe Watoto Bangladesh: Lugha Yao na Mchezo Wao



Tukitaja Bangladesh mbele ya watoto, wengi hukumbuka mafuriko tu, kwa sababu ndizo picha walizoonyeshwa. Sisi ambao picha za shida zetu hutumwa mbali tunajua inavyouma kujulikana kwa shida peke yake. Hivyo tunashauri watoto waanze na mambo mawili.

Kwanza, historia. Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka Bara Hindi, eneo hilo lilifanywa sehemu ya mashariki ya Pakistan. Makao ya serikali yalikuwa magharibi, ng'ambo ya India, umbali wa kilometa 1,600 hivi. Viongozi walitaka Kiurdu kiwe lugha pekee ya taifa, ingawa watu wa mashariki walisema Kibengali. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliandamana mjini Dhaka kutetea lugha yao. Polisi waliwapiga risasi, na baadhi yao wakafa. Nchi ilijitenga mwaka 1971, baada ya vita vya miezi tisa. Mwaka 1999 UNESCO ilitangaza tarehe 21 Februari kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Mtoto anayesema Kihaya nyumbani na Kiswahili shuleni ataelewa upesi.

Pili, mchezo. Kabaddi ndio mchezo wa taifa wa Bangladesh. Vijijini huitwa pia ha-du-du. Timu mbili za watu saba saba hutenganishwa na mstari. Mmoja huvuka, hujaribu kuwagusa wapinzani na kurudi kwao, huku akitamka "kabaddi, kabaddi" kwa pumzi moja. Akirudi salama, wote aliowagusa hutoka. Wakimkamata asirudi, au pumzi ikimkatikia upande wao, hutoka yeye. Hauhitaji mpira wala viatu. Kwa watoto wadogo chagueni penye nyasi, wagusane tu bila kuangushana.

Wakishacheza, waketi na kuulizwa: mngependa watoto wa Bangladesh wajue nini kwanza kuhusu kwetu? Hapo ndipo tuzungumze nao juu ya mafuriko, maana ni ya kweli, na msaada unahitajika. Lakini mtoto atakuwa anamsaidia mwenzake anayemfahamu, wala si picha ya mtu aliyesimama majini.