Marumaru ya Pergamo na Mahubiri Yetu Juu ya Sanamu

Mhubiri afafanuaye Ufunuo 2:12–17 hapa Masakta hukutana na ugumu. Mapokeo ya Wairaqw yalimjua Looa, aliye juu na mwenye huruma ya mama, na neetlangw, pepo wa chemchemi na mito, pasipo desturi ya kuwachonga. Tukitamka neno "sanamu", msharika huwaza vinyago vya kuuzia watalii. Basi ni vema tujue Wakristo wa Pergamo walikuwa wakitazama nini.

Katika karne ya 2 KK wafalme wa ukoo wa Attalos walijenga juu ya kilima cha mji huo madhabahu kubwa, iliyozungukwa na ukanda wa marumaru wenye urefu wa mita 113 hivi na kimo cha mita 2.3. Sanamu zake hutokeza katika bamba, kama nakshi za milango ya Unguja, ila kwa kina kikubwa zaidi, hata baadhi ya majitu yamepiga goti juu ya ngazi zenyewe apitapo mtu. Majina ya miungu yaliandikwa juu, ya majitu chini.

Kisa ni vita vya miungu na majitu, wana wa Ge, yaani Nchi; wengi wana miguu ya nyoka. Athena amemkamata mmoja kwa nywele. Ge anachomoza ardhini, kiwiliwili tu, akimwombea mwanawe, wala hasikilizwi. Nilipowasimulia wazee wa usharika, waliuliza mara moja: huyo mama amekosa nini? Swali hilo lapita mengi ya darasani. Wafalme hao walikuwa wamewashinda Wagalatia, na marumaru ilitangaza kwamba aliyeshindwa hana mtetezi. Antipa aliuawa katika mji uliofundishwa hivyo.

Je, hicho ndicho kiti cha Shetani? Wengine hutaja hekalu la Augusto, lililoruhusiwa mwaka 29 KK. Wengine Asklepio na nyoka wake. Andiko halitaji jengo, nami naona tunaharakisha tukitaja moja tu mimbarani.

Mjerumani Carl Humann alipoanza kuchimbua mwaka 1878, mabamba mengi yalikuwa yamejengwa ndani ya ukuta wa ngome ya Wakristo wa Bizantio, kama mawe ya kawaida. Yalipelekwa Berlin, ukumbi wake ulifungwa mwaka 2014 kwa ukarabati.