Ford 100E huku Kesses: nguvu zaidi kwa gharama gani?

Mwenye Ford Prefect au Anglia ya 100E, zile za 1953 hadi 1959, akiishi Kesses ana shida ambayo mwenzake wa Mombasa haijui. Injini yake ya 1172 cc, ambayo valvu zake zimesimama kando ya silinda ndani ya bloki, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 36. Huku juu, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na karibu moja ya tano ya nguvu hizo hupotea. Zinabaki kama 28. Panda Timboroa mvua ikinyesha uone: waipa za gari hili huvutwa na hewa ya injini, kwa hiyo ukikanyaga mafuta hadi chini zinazubaa, na kioo kinajaa maji.

Anza na kabureta. Hewa ikipungua, petroli huwa nyingi mno na plagi hujaa masizi. Kuweka jeti ndogo na kurekebisha taiming hakumalizi hata siku moja kwa fundi, na hakuna kazi ya bei rahisi kuliko hiyo.

Kisha hedi. Ya injini hii haina valvu ndani yake, hivyo kuiskim mjini Eldoret ni kazi nyepesi: unalipia mashine na gasketi mpya. Kompresheni ya kiwandani ni 7 kwa 1, na kwenye mwinuko huu unaweza kuipandisha kidogo bila injini kugonga. Usizidishe. Mchanganyiko hupita juu ya valvu kuingia kwenye silinda. Ukikata sana unaziba njia hiyo. Weka plastisini juu ya valvu, funga hedi na gasketi yake, zungusha injini kwa mkono, fungua upime unene uliobaki.

Hedi za alumini za Aquaplane na kabureta mbili kutoka Uingereza zinavutia, na injini hii hii iliwahi kuendesha Lotus Seven ya 1957. Lakini utalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na njia za hewa ndani ya bloki zitabaki zilezile. Mimi singenunua.

Injini ya Cortina 1500 ndiyo yenye nguvu kweli: karibu farasi 60, na huku zinabaki kama 48. Ndugu yake, Cortina GT, ilishinda mbio za magari za Safari Rally za 1964. Ila utahitaji giaboksi nyingine, vishikizo vipya, breki bora, ukaguzi na kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku kupitia NTSA. Gharama yake inapita kazi zote nilizotaja zikijumlishwa, na gari linapoteza uasili wake.

Kwa safari za Kesses na Eldoret, kilomita 35 hivi, fanya jeti na hedi, halafu pesa itakayobaki uitie kwenye breki.