Shaba ya Antofagasta: Bei Iko London, Maji na Watu Wako Mbali

Bei ya shaba hupangwa London, lakini mwenye kuifuatilia hana budi kulitazama jangwa la Chile. Nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha shaba, na takriban nusu ya shaba yake hutoka katika mkoa mmoja, Antofagasta.

Mkoa huo uko kaskazini, kati ya Bahari ya Pasifiki na milima ya Andes. Eneo lake ni kilometa za mraba 126,000 hivi. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 607,534, yaani wasiofika watano kwa kila kilometa ya mraba. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi wanaishi Antofagasta, penye bandari, na Calama, karibu na mgodi wa Chuquicamata. Kwingineko ni jangwa la Atacama, ambako miaka hupita bila mvua ya maana.

Hali hiyo ina gharama. Escondida, mgodi unaoongoza duniani kwa kutoa shaba, uko mita zipatazo 3,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutolewa chumvi pwani, kisha husukumwa kwa mabomba kiasi cha kilometa 180 kupanda mlima. Wafanyakazi nao huletwa kwa zamu, hulala kambini, kisha hurudi makwao.

Mahali penye watu wachache, fundi mwenye ujuzi hapatikani kwa urahisi. Mwaka 2017 wafanyakazi wa Escondida waligoma kwa siku 44, na kampuni ya BHP ikawatangazia wanunuzi kuwa haiwezi kutimiza mikataba yake. Mgodi huo peke yake hutoa takriban asilimia 5 ya shaba ya dunia.

Mgomo wa namna hiyo hufika mbali. Bei ikipanda, mwagizaji wa nyaya za umeme Dar es Salaam hulipa zaidi, ilhali wachimbaji wa Zambia na Kongo, wanaopitisha shaba yao katika bandari hiyo hiyo, huvuna.

Mwenye mtaji mdogo hawezi kuuzuia mgomo, ila anaweza kujiandaa. Mikataba ya kazi migodini ina tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo hujulikana mapema. Anayeagiza mali ya shaba na aiandike katika kalenda yake, kando ya bei ya London.