Tope la Buzwagi na hesabu za Profesa Masanja

Msomaji wa Kahama anauliza: yule mama wa hisabati anayetajwa kila wasichana wanapohimizwa kusoma sayansi, alichunguza nini hasa? Swali la haki. Sisi waandishi tukishasema ndiye Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati, tunaweka nukta.

Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata uzamivu Berlin mwaka 1986, baadaye akaenda Rwanda. Wasifu na uishie hapo. Mimi nataka mabomba.

Tasnifu zake mbili, ya uzamili na ya uzamivu, zahusu vimiminika ndani ya bomba la mviringo, na si maji. Maji ni matiifu: uyasukume kwa nguvu au taratibu, mnato ni uleule. Alichagua vile ambavyo mnato hubadilika kadiri unavyovisukuma. Naviita vimiminika vikaidi. Mwenye jina bora alete.

Mfano wake uko hapo hapo Kahama: mgodi wa Buzwagi, tangu 2009 hadi ulipofungwa 2021, ulisaga mwamba kwa maji ukapata tope, lilelile lililozaa makinikia, ule mchanga wa madini uliotugombanisha na wenye mgodi 2017. Tope la namna hiyo, likiwa na udongo wa mfinyanzi, ni kundi la ng'ombe wa Kisukuma mbele ya njia nyembamba. Likisimama, huyu katazama mashariki, yule magharibi, pembe zimekwamana. Ukisukuma kidogo hapiti hata ndama. Ongeza fimbo: wanageuka, wanafuatana, na kilichokuwa ukuta kinatiririka. Ongeza tena, hupati kitu, maana wote wameshageuka. Tena wanaohangaika zaidi ni wa pembeni, wanaokwaruza ua. Wa katikati wanakwenda pamoja, bega kwa bega. Mchungaji akipumzika, pembe hukwamana upya. Ndiyo maana pampu inayosukuma tope ikizimika muda mrefu, kuiwasha ni kazi.

Kielelezo cha hesabu cha Reiner na Philippoff, ambacho Masanja alikitumia katika uzamili, kinakaribia kundi hilo: polepole mno au kwa kasi mno, mnato hautikisiki. Ubishi wote uko katikati.

Na hapo ndipo kalamu na karatasi hushindwa mara nyingi. Kasi inategemea mnato, mnato nao unategemea kasi. Basi unakisia kasi, unakokotoa mnato, nao unakupa kasi mpya. Unarudia, kompyuta ikikusaidia, hadi kasi ya zamani na mpya zikubaliane.