Waya za Meno: Historia Yake na Maneno Yake

Watu wengi hudhani kwamba waya za meno, ambazo wengine huziita vyuma vya meno au bresi, ni urembo wa siku hizi tu. Ukweli ni kwamba kazi ya kunyoosha meno ina historia ndefu, na ndani yake mna swali ambalo halijaisha: ni nani anayeamua kwamba jino fulani limekaa vibaya? Katika makala haya tunaeleza jinsi kazi hiyo ilivyokua, kisha tunaonyesha kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuwa makini na maneno anapoizungumzia.

Mwandishi wa Kirumi Celsus, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alishauri kwamba jino la ukubwani likiota kabla la utotoni halijang'oka, lile la utotoni ling'olewe, na jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Ushauri huo ni mfupi, lakini una siri yote ya kazi hii: nguvu ndogo inayorudiwa kwa siku nyingi.

Mwaka 1728 daktari wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alichapisha kitabu kikubwa juu ya tiba ya meno. Humo alieleza bamba jembamba la dhahabu au fedha, lenye matundu, ambalo meno yaliyopinda yalifungwa kwalo kwa nyuzi ili yavutwe taratibu. Hata hivyo, alikuwa pia na njia ya haraka: alilishika jino kwa koleo, akalilegeza na kulinyoosha kwa mara moja, kisha akalifunga kwenye meno ya jirani.

Je, jino lililojikita katika mfupa linawezaje kuhama? Jibu ni kwamba mfupa wa taya ni kitu hai. Kati ya jino na mfupa kuna nyuzinyuzi zinazolishikilia jino. Likisukumwa, mfupa wa upande linakoelekea huliwa kidogo kidogo na seli za mwili, na upande linakotoka hujengwa mfupa mpya. Mtafiti wa Uswidi, Carl Sandstedt, alilionyesha jambo hili mwaka 1904 kwa majaribio aliyofanya juu ya mbwa. Nguvu ikizidi, nyama iliyobanwa hufa na jino hukwama kwa muda. Ndiyo maana matibabu mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hapa kweli haraka haraka haina baraka.

Aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma ya pekee, iitwayo ortodontia, ni Mmarekani Edward Angle (1855–1930). Mwaka 1899 aliyagawa matatizo ya mpangilio wa meno katika makundi matatu, kwa kutazama jinsi magego ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana. Mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Mwaka 1900 alifungua shule ya taaluma hiyo katika mji wa St. Louis, na mwaka 1928 alitangaza kifaa chenye mfereji wa pembe nne unaopitisha waya, kikamwezesha daktari kuliongoza jino pande zote.

Angle aliamini kwamba binadamu ameumbwa na meno yake yote, kwa hiyo lisiondolewe hata moja. Mwaka 1911 Calvin Case alimpinga, akisema kuna taya zisizo na nafasi ya kutosha. Baadaye mwanafunzi wa Angle mwenyewe, Charles Tweed, aliona matokeo ya wagonjwa wake wengi hayaridhishi, akawatibu upya kwa kung'oa baadhi ya meno. Siku hizi kila mgonjwa huamuliwa kivyake, na kwa tahadhari, kwani jino la pembe si dawa ya pengo.

Vifaa navyo vilibadilika. Katika karne ya 20 chuma kisichoshika kutu kilichukua nafasi ya dhahabu. Zamani kila jino lilivishwa pete. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikipakwa juu ya jino hulifanya lishike gundi vizuri, na kuanzia miaka ya 1970 vipande vidogo vya chuma vikawa vinagandishwa juu ya jino lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaja vifuniko vya plastiki angavu, ambavyo mgonjwa huvibadilisha kwa zamu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Angle alipotafuta mfano wa uso mzuri, aliutaja uso wa sanamu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale. Kipimo hicho hakikutoka kwetu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nafasi ya asili kati ya meno mawili ya mbele ya juu huhesabiwa kuwa urembo, na Kiswahili kimeipa jina lake: mwanya. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka ni pengo. Mfasiri anayeandika "pengo" mahali pa "mwanya" katika maelezo ya hospitali atakuwa amemwambia msichana kwamba amepungukiwa na kitu, ilhali hajapungukiwa.

Hatusemi kwamba waya za meno ni anasa. Yapo meno yanayomzuia mtu kutafuna, yanayobanana hata mswaki usifike, au yaliyochomoza mbele na kuvunjika kwa urahisi anapoanguka. Hayo yanastahili tiba. Lakini kabla ya kukubali kufungwa waya, ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari, kwa maneno yaliyo sahihi: jino hili linanidhuru, au halifanani tu na la sanamu?